Kamiriithu na Mwomboko: Miaka 50 ya Jukwaa la Limuru

Habari za Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya, huwa zinasimuliwa kuanzia mwisho. Anayezijua atataja kwanza Machi 1982, polisi walipofika Limuru kwa malori wakalibomoa jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walikuwa wamelijenga kwa mikono yao. Kisha atarudi nyuma hadi mwisho wa Desemba 1977, mwandishi Ngugi wa Thiong'o alipochukuliwa nyumbani kwake usiku, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Mambo hayo yalitokea na hayafai kusahauliwa. Hata hivyo yamefunika kazi iliyofanyika pale wiki baada ya wiki kabla ya malori kufika. Watu wa Kamiriithu walikuwa wakifundishana. Walifundishana kusoma na kuandika, kuigiza, kuimba, na kucheza ngoma ambazo vijana wengi walikuwa wakizisikia tu zikitajwa na wazazi.

Mojawapo ya ngoma hizo ni mwomboko. Huchezwa na mwanamume na mwanamke walioshikana, jozi baada ya jozi, kama Wazungu wanavyoshikana katika waltz, nayo kweli ina damu ya Ulaya. Mwaka 2026 unatimiza miaka 50 tangu Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii cha Kamiriithu kianze kazi. Historia yake ikisimuliwa kupitia hatua za mwomboko, inaonyesha jambo ambalo hati za polisi hazikulirekodi: pale kijijini, aliyeketi asubuhi kujifunza alfabeti ndiye aliyesimama jioni kumfundisha msomi namna ya kucheza.

Ngoma za wawili wawili hazikuzaliwa katika kumbi za matajiri. Waltz ilitokana na ngoma za wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, hasa ile iitwayo Ländler, kabla ya kuingia kwenye majumba ya Vienna mwishoni mwa karne ya 18. Polka ilitoka Bohemia, katika nchi ya Wacheki, na Paris ikapagawa nayo katika miaka ya 1840. Waskoti walikuwa na ngoma zao za jozi na za duara, wakazibeba kila walikohamia. Chombo kilichozisaidia ngoma hizi kutembea dunia ni akodioni, ambayo Cyrill Demian aliisajili Vienna mwaka 1829. Mpigaji mmoja, akiwa na mvukuto wake kifuani, aliweza kuchezesha harusi nzima bila kuhitaji wapiga fidla wala tarumbeta.

Walowezi waliokuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 walizileta ngoma hizo pamoja na gramafoni na suti zao za jioni. Nairobi, hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904 ilikuwa mahali pao pa kukutana, kunywa na kucheza. Mashambani, kwenye nyumba kubwa za Limuru, Kiambu na Bonde la Ufa, sakafu ya mbao ilitosha. Waafrika hawakualikwa, ila walikuwepo. Aliyepika alikuwepo, aliyebeba sinia alikuwepo, aliyeshika hatamu za farasi nje ya veranda alikuwepo. Waliona namna mkono unavyowekwa kiunoni na mguu unavyotangulia. Wengine waliyaona mambo hayo mbali zaidi: maelfu ya vijana wa Kikuyu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na katika vita vya pili wengine wakafika Ethiopia, Misri na Burma. Waliorudi walirudi na viatu, makoti na kofia. Na walirudi wakijua kwamba ngoma ya Mzungu si siri.

Msomaji wa Pweto au Lubumbashi hatashangazwa na habari hii, kwa sababu Katanga ina ya kwake. Vijana waliotoka kando ya Ziwa Mweru na kwingineko kwenda kutafuta kazi Elisabethville, leo Lubumbashi, kwenye shaba ya kampuni ya Union Minière, walikuta huko mbeni. Hivyo vilikuwa vyama vya ngoma vyenye wafalme na makapteni, sare za kijeshi na gwaride. Mbeni ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, ikasambaa Tanganyika hadi ikaingia migodini. Kule gwaride la Mzungu liligeuzwa likawa la wachimba madini. Mwomboko ulifanya kazi hiyohiyo, ila ulichagua kilicho kigumu zaidi kukichukua: namna mwanamume na mwanamke wanavyosogeleana mbele ya watu.

Ulipata umbo lake kati ya miaka ya 1920 na 1940, katika Kiambu, Murang'a na Nyeri. Mpigaji akodioni hupiga na kuimba kwa pamoja, na wimbo wake hubeba habari za siku hizo: bei ya chakula, tabia ya chifu, mrembo aliyemkataa, safari ya vitani. Kando yake kuna karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma, ambayo sauti yake kali haimwachi mchezaji apotee. Jozi huzunguka kwa pamoja katika duara. Hatua mbili mbele, magoti yanakunjwa kidogo, kisha jozi inageuka. Maelezo ni mafupi kiasi hicho.

Anayejifunza hugundua upesi kwamba ugumu uko penye magoti. Katika waltz mwili huinuka na kuelea. Katika mwomboko mwili huenda chini, ukirudi kwenye uzito wa ardhi kama ngoma za Kikuyu zilivyofanya kabla Mzungu hajafika, na wawili hao lazima washuke na mpigo pamoja. Mmoja akichelewa, mkono ulio kiunoni unamsema mara moja. Ndiyo maana mwomboko haufundishiki kwa maneno tu. Anayejua humshika asiyejua, wakazunguka, wakazunguka tena, mpaka magoti ya mwanafunzi yasikie chuma kabla ya masikio yake. Hapo ndipo umahiri wa wale waliobuni ngoma hii unapoonekana. Walichukua mshiko wa Ulaya na suti ya Ulaya, wakaacha mpigo wao pale ulipokuwa.

Zama hizo kucheza kulikuwa jambo zito. Wamisionari wa Kiprotestanti waliwakataza waumini wao ngoma za jadi. Katika mzozo wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929, Wakikuyu walijibu kwa wimbo na ngoma ya muthirigu, iliyowakejeli wamisionari na machifu mpaka serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930. Mwomboko ulikua katika kivuli cha marufuku hiyo. Ukiutazama kwa mbali ulikuwa na heshima zote za kizungu: koti, tai, kofia, wanawake waliovalia gauni. Ukiusikiliza, maneno yalikuwa ya wenyewe. Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Mikutano ikakatazwa, watu wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwenye nyumba zao na kuwekwa katika vijiji vya ulinzi, na usiku ukawa wa amri ya kutotoka nje. Ngoma ya usiku haikuwa na pa kuchezewa.

Kamiriithu ni mtoto wa kipindi hicho. Kabla ya hapo watu waliishi wametawanyika, kila familia kwenye kiunga chake. Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938, alirudi likizo mwaka 1955 kutoka shule ya Alliance akakuta nyumba yao haipo tena, na mama yake amehamishiwa katika kijiji hicho kipya. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi walibaki palepale. Vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilicho Limuru, wachuuzi, wasio na kazi na walimu wa shule za msingi wote walikuwa majirani.

Katikati ya kijiji palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya vijana. Juu yake lilisimama banda moja la udongo lenye vyumba vinne, linalobomoka. Kwingine kote yalikuwa majani.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alifika asubuhi mlangoni kwa Ngugi, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimwambia kuwa wanasikia amesoma sana na anaandika vitabu, basi kwa nini elimu hiyo asiigawie kijiji walau kidogo? Ngugi hakukubali mara moja. Mama yule akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka akakubali. Kila mwenye kuandika historia ya tamthilia Afrika Mashariki anapaswa kuanza na mlango huo na ustahimilivu wa mama huyo. Kituo hakikubuniwa na chuo kikuu wala wizara. Kiliombwa na kijiji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima. Kiliratibiwa na Ngugi wa Mirii, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa maendeleo ya chuo hicho. Wanafunzi walijifunza kuandika Kigikuyu kwa kuandika habari za maisha yao wenyewe, na walipokwisha kujua kuandika, waliuliza nini kinafuata. Jibu likawa mchezo wa kuigiza.

Nairobi yenyewe wakati huo ilikuwa imeonyesha kwamba ukumbi wa kitaifa haukuwa wa taifa zima. Oktoba 1976 tamthilia ya Ngugi na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi ilipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, kwa kuwa ratiba ilikuwa imejazwa na maonyesho ya kigeni, moja likiwa la ballet ya Kifaransa. Usiku wa kwanza ulipoisha, watazamaji walijiunga na wachezaji, wakatoka nje wakicheza barabarani kuelekea upande wa hoteli ya Norfolk. Karibu na hoteli hiyohiyo, Machi 1922, watu waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa mwanaharakati Harry Thuku walipigwa risasi. Ni vigumu kupata picha nyingine inayoonyesha vizuri hivyo nani alikuwa akicheza wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Kufikia Aprili 1977 Ngugi wawili walikuwa na muhtasari wa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilichapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ni kisa cha Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi, na mkewe Wangeci. Tajiri Ahab Kioi wa Kanoru anawashawishi wafunge ndoa kanisani, wanachukua mkopo kwa dhamana ya hati ya shamba, na shamba linapotea. Kijiji kiliusoma muhtasari huo kwa miezi miwili na hakikuuacha ulivyo. Wazee walisahihisha lugha ya wahusika wazee. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza mshahara ulivyo na unavyoisha. Sehemu ya sherehe ya arusi, inayoendeshwa kwa nyimbo za gitiiro, ilisemwa neno kwa neno na mama mzee asiyejua kusoma huku wasomi wakiandika.

Mazoezi yalifanywa hasa mwishoni mwa juma, kwa kuwa wengi walikuwa kazini siku nyingine, na yalifanywa hadharani. Aliyepita njia angeweza kusimama, kutazama, na kukosoa. Chini ya mwongozo wa Kimani Gecau, mhadhiri wa chuo kikuu, nafasi zilitolewa mbele ya macho ya kijiji, naye mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa bibi aliyewahi kuicheza ngoma inayofanyiwa mazoezi. Mwomboko uliingia katika tamthilia kupitia kumbukumbu. Kiguunda na Wangeci wanapokumbuka ujana wao kabla ya hali ya hatari, ujana huo unarudi jukwaani ukicheza. Vijana wa mwaka 1977 walikuwa wamekulia kwenye redio na muziki wa gitaa, na mwomboko ulikuwa mali ya watu wa umri wa wazazi wao. Ikabidi wafundishwe kwa kushikwa mkono, jozi kwa jozi.

Hapa ndipo kituo kilipokuwa shule kamili. Mtu aliyekuwa ameanza kuandika jina lake mwaka uliopita alikuwa na kitu ambacho profesa hakuwa nacho: mpigo wa ngoma ulio sahihi, mavazi yalivyokuwa, nani alitangulia na nani alifuata, wimbo gani haukuweza kuimbwa mbele ya chifu. Ngugi mwenyewe aliandika baadaye kwamba Kamiriithu ilikuwa elimu kwake, na kwamba aliyejifunza zaidi ni yeye. Hakuwa akijipamba kwa unyenyekevu. Mwandishi ambaye hadi hapo riwaya zake zote zilikuwa za Kiingereza aliandika iliyofuata, Caitaani Mutharaba-ini, kwa Kigikuyu, kwenye karatasi za chooni ndani ya Kamiti.

Jukwaa nalo lilijengwa na walewale. Walipanga vijiti vya kiberiti ardhini kuonyesha ramani yake, wakajadiliana, kisha wakajenga: jukwaa lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, vyumba vya kuvalia, na viti vya mbao vilivyopanda ngazi kwa ngazi. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kuketi. Paa halikuwepo. Serikali ilikuwa imeanzisha Bomas of Kenya mwaka 1971 ili ngoma za jamii zote zihifadhiwe na kuonyeshwa kwa wageni na wenyeji, na kazi hiyo ina thamani yake. Tofauti ni kwamba katika Kamiriithu aliyecheza, aliyetazama na aliyeamua nini kichezwe walikuwa watu wale wale.

Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977 pazia lingefunguka, kama pazia lingekuwepo. Watu walikuja kwa miguu, kwa mabasi na kwa matatu, kutoka Limuru na mbali zaidi. Maonyesho yaliendelea kila mwisho wa juma, na ilipofika tarehe 16 Novemba, mamlaka ya wilaya ya Kiambu ikafuta kibali. Wiki sita zilikuwa zimepita. Mwezi uliofuata Ngugi akakamatwa. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, baada ya kifo cha Rais Kenyatta, na kazi yake ya chuo kikuu hakurudishiwa.

Kijiji hakikukata tamaa. Mwishoni mwa 1981 na mwanzoni mwa 1982 kikundi kilitayarisha Maitu Njugira, mchezo wa nyimbo na ngoma kutoka jamii mbalimbali za Kenya kuhusu maisha ya vibarua enzi za ukoloni. Ukumbi wa Kitaifa ulifungwa mbele yao. Wakahamishia mazoezi chuo kikuu, na umati ukajaa usiku baada ya usiku kutazama mazoezi tu, mpaka hayo nayo yakakatazwa Februari 1982. Mwezi uliofuata usajili wa kituo ukafutwa, na siku moja baadaye jukwaa likabomolewa. Ngugi alikuwa Uingereza katikati ya mwaka huo alipoonywa asirudi. Ngugi wa Mirii na Gecau walielekea Zimbabwe, ambako waliendelea na tamthilia za jamii vijijini. Ngugi wa Mirii alifariki huko mwaka 2008.

Mwomboko haukuwa na jukwaa moja la kubomolewa. Tangu miaka ya 1960 mapigo yake yalikuwa yameshaingia kwenye gitaa. Joseph Kamaru, aliyeishi kati ya 1939 na 2018 na kuwa sauti kubwa ya muziki wa Kikuyu, aliyachota kwenye ngoma za kale na kuyapeleka kwenye santuri. Gitaa hilo lenyewe lilikuwa na deni kwa Katanga. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alikaa Nairobi mwishoni mwa muongo huo, na upigaji wake wa vidole ukaigwa na vijana wa Kenya. Edouard Masengo naye alipita njia hiyo. Wakati akodioni ikizeeka mikononi mwa wapigaji wa Murang'a, nyuzi kutoka Haut-Katanga zilikuwa zikiwafundisha wajukuu wao. Leo mwomboko huchezwa kwenye arusi na sherehe za kitamaduni za Kenya ya kati, mara nyingi na wazee waliovaa makoti na kofia, na wanafunzi huupeleka kwenye tamasha za muziki za shule.

Ngugi alirudi Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi pia, ikaigizwa kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza katika Ukumbi uleule wa Kitaifa uliowahi kufungiwa Kamiriithu, na waigizaji wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka 1977. Ngugi alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 aliposhikwa kiuno kufundishwa mwomboko kwenye uwanja ule wa majani sasa anakaribia 70. Waliomfundisha wengi wao hawapo. Maandishi ya tamthilia yamechapishwa na kutafsiriwa, lakini hatua, mikunjo ya magoti na nyimbo zilizoachwa nje ya kitabu ziko miilini mwa watu hao waliobaki Limuru. Chuo au kituo cha utangazaji kitakachotaka kuadhimisha miaka 50 ya Kamiriithu kina kazi ya kufanya huko mwaka huu, kikiwa na kamera, kinasa sauti, na mpigaji mmoja wa akodioni.